Kitufe Kilichokataa Gumba

Kompyuta ya kikundi ilipofika kijijini Mraru, kitu cha kwanza akina mama walichofanya ni kuivalisha. Rachel, mtunza stoo, aliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, na tangu hapo kitambaa hicho kilitolewa siku zile tu Wakio alipokuja kutoka Voi kuangalia kazi yake.

"Inaendeleaje, nyanya?" Wakio angeuliza.

"Kama saa," Nyanya Edith angemjibu, na kumsukumia sahani ya kimanga cha mihogo na maharagwe kabla hajauliza la pili.

Ukweli ni kwamba haikuendelea hata kidogo.

Kikundi kile kilikuwa na hema moja, viti vya plastiki, na sufuria kubwa ambazo mtoto angeweza kujificha ndani na asionekane. Mwenye arusi aliazima, mwenye matanga aliazima. Zamu zote Rachel aliziweka kichwani, na kichwa hicho kilikuwa kizuri. Ila mwaka uliopita kiliteleza mara moja, hema likaenda arusini huku waombolezaji ng'ambo ya barabara wakikaa juani. Hakuna aliyemgombeza. Walimpelekea sukari na majani ya chai, wakakaa naye. Hata hivyo Rachel alilia, na Wakio, mjukuu wa Edith aliyekuwa akitengeneza programu za kompyuta pale Voi, alimwona akilia. Alirudi mjini, akatumia siku zake zote za mapumziko kuandika programu, kisha akaja na kompyuta kuukuu yenye kioo cha kugusa. Unagusa picha ya kitu unachotaka, unagusa tarehe, halafu unagusa kitufe cha kijani kilichoandikwa THIBITISHA. Basi, umeshika zamu.

Siku ya kwanza Edith aligusa hema, hema likaja. Akagusa tarehe, ikaja. Akakiwekea kitufe gumba lake, akalikaza vizuri. Pakatokea kijisanduku cha kijivu chenye maneno ya Kiingereza, kikakaa hapo kama mgeni aliyesahau kilichomleta. Akagusa pembeni, kikaondoka. Hema halikuandikwa.

"Imeshika, nyanya?" Wakio aliuliza kutoka mlangoni, akiwa bado anasalimiana na watu.

Edith alimtazama mtoto yule, macho mekundu kwa kukosa usingizi, viatu vimejaa vumbi. "Imeshika, mwanangu."

Kisha akazunguka nyuma ya stoo. "Rachel, niwekee hema kichwani."

Rachel alicheka mpaka akashika ukuta. "Na wewe? Rafiki yako Mumbe ametoka hapa sasa hivi!"

Mmoja baada ya mwingine, wote walizunguka nyuma ya stoo, na wote walimwambia Wakio kwamba programu yake ni nzuri mno. Rachel akaendelea kubeba zamu kichwani, kompyuta ikaendelea kupendeza ndani ya kitambaa chake, na mtoto hakuvunjwa moyo. Edith aliona wamefanya jambo la busara.

Shida ililetwa na sifa zenyewe. Walimsifu Wakio sana, sifa zikafika Taveta, na akina mama wa kikundi kimoja cha Mahoo, kulekule Taveta, wakatuma salamu: Jumapili baada ya ibada watakuja kuiona hiyo programu. Ikiwapendeza, na wao wanataka ya kwao. Wakio angesimama mbele ya vikundi viwili na kuwafungulia wageni kioo kitupu.

Jumamosi asubuhi Wakio alikuja kuitayarisha. Alitoa kitambaa, akafungua orodha ya zamu. Katika orodha yote mlikuwa na zamu moja, ile aliyojaribia mwenyewe mwanzoni: *Hema. Arusi ya Wakio na Bwana Fulani.*

"Nyanya," alisema polepole, "mbona hakuna kitu? Si mlisema inashika?"

"Labda ni stima," Edith alisema. "Stima ya huku unaijua."

"Stima haifuti vitu, nyanya. Mlipobonyeza kitufe, kilikubali?"

Mumbe, jirani na rafiki wa Edith tangu ujana, alikuwa amekuja kutazama. Alijibu kabla ya Edith: "Kilikubali kama bibi arusi!"

Basi Wakio akaamini. Akaketi mbele ya ile kompyuta, akafungua dirisha jingine, lile analoandikia programu. Likajaa mistari ya rangi rangi. Kando ya mstari mmoja akaweka nukta nyekundu.

"Hiyo nyekundu ni ya nini?" Edith aliuliza.

"Ni kama askari wa barabarani, nyanya. Kitufe kikibonyezwa, kazi lazima ipite mstari huu. Ikifika hapa inasimamishwa, nami naichungulia imebeba nini."

Akashika kipanya, akabonyeza THIBITISHA. Papo hapo programu ikaganda, mistari ikaruka mbele, mmoja ukang'aa njano. Wakio akaupekua, akairuhusu iendelee. Zamu ikaandikwa. Akajaribu tena, ikaandikwa tena. Akazifuta.

"Kitufe ni kizima. Na nyinyi mnasema kwenu kilikubali. Basi kosa liko ndani, kwenye kuhifadhi. Zamu zinaingia halafu zinapotea."

Akaingia huko ndani. Asubuhi ikaisha, chai ikapoa. Aliweka nukta nyingine nyekundu hapa, akaitoa, akaiweka pale, na kila mahali alipochungulia palikuwa salama. Edith alimtazama akiuma kucha, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na hesabu zimemshinda. Moyo ukaanza kumsuta. Mtoto anamtafuta mbuzi mtoni, na wao ndio waliomwonyesha njia ya mtoni wakijua mbuzi yuko nyuma ya nyumba.

Mwishowe Wakio alisimama. "Wacha nimpigie Alvin wa kazini. Najua atasema nifute sehemu yote ya kuhifadhi niiandike upya. Nikianza sasa, huenda kesho nikawa nimemaliza. Huenda." Akatoka na simu kutafuta mtandao karibu na barabara.

Edith na Mumbe wakatazamana.

"Anataka kubomoa nyumba nzima," Edith alinong'ona.

"Na nyumba haina kosa. Kosa ni mlango."

"Tumwambie."

"Umwambie wewe, ni mjukuu wako! Mimi nilishasema kilikubali kama bibi arusi." Mumbe alivuta kiti. "Sikia. Tuzijaze zile zamu sisi wenyewe, sasa hivi, kwa nguvu. Akirudi atazikuta, atafikiri zimerudi zilikokuwa. Rachel! Njoo na kichwa chako!"

Rachel akaja, akasimama nyuma yao, akaanza kutaja: hema kwa nani, sufuria kwa nani. Mumbe akagusa picha, akagusa tarehe, akaweka gumba juu ya kitufe na kulikandamiza mpaka kucha ikawa nyeupe. Kijisanduku cha kijivu kikaja.

"Shetani huyo," Mumbe alisema. "Edith, weka la kwako."

Edith akaweka la kwake. Kijisanduku. Rachel akaweka la kwake, baada ya kulifuta kwenye leso. Kijisanduku. Mumbe akajaribu kiwiko. Edith akajaribu kwa mwiko, uliokuwa bado na ugali. Wakasimama watatu, wakaweka magumba matatu kwa pamoja juu ya kitufe kimoja, Rachel akihesabu, "Moja, mbili..."

"Mnafanya nini?"

Wakio alikuwa dirishani, simu sikioni.

Mwiko ulianguka. Mumbe akaanza kufuta kioo kwa upindo wa kanga yake kama aliyekuja kufanya usafi. Edith hakusonga. Alimtazama mjukuu wake, akasema tu, "Wakio, hakijawahi kukubali. Hata siku moja. Hatukutaka uhuzunike."

Alingojea uso ule unyong'onyee, lakini Wakio aliruka akaingia ndani na kumwambia Alvin kwenye simu, "Sifuti kitu! Nitakupigia." Akapiga magoti kando ya kiti.

"Nyanya, rudia. Vilevile. Usibadilishe hata kidogo."

Edith akaweka gumba, akalikaza. Kijisanduku kikatokea. Ile nukta nyekundu ya kwanza ilikuwa bado pale kwenye mstari wa kitufe, na programu haikusimama.

"Haikufika!" Wakio alipiga makofi. "Askari yuko barabarani, lakini gari halijapita! Nimekaa asubuhi nzima nikipekua nyumba ambayo hakuna aliyeingia!"

"Sasa unafurahi?" Mumbe aliuliza. "Sisi tumejibana hivi tukidhani utalia!"

Wakio akahamisha nukta, akaiweka mahali programu inapohisi kidole kinagusa tu kioo. Edith akagusa. Programu ikasimama, lakini dirisha la mistari likaruka mbele na kufunika kitufe, gumba la Edith likiwa bado kiooni. Alipoliinua, liliinuka juu ya mistari ya Wakio. Wakajaribu tena, ikawa hivyo hivyo.

"Ni kama ndovu wa shambani," Edith alisema. "Ukikaa macho kuwangojea, hawaji. Ukitoka kidogo, mahindi yamekwisha."

"Ni hivyo hasa, nyanya. Nikiisimamisha niione, nimeiharibu." Wakio alifikiri, kisha akatoa kompyuta yake ndogo begini na kuziunganisha zote mbili kwa waya. Mistari akaihamishia kwenye ile ndogo, aliyoiweka juu ya gunia huko pembeni. Kwenye kioo cha kugusa ikabaki picha ya hema peke yake. Nukta nyekundu akazitoa zote. "Sasa hatusimamishi mtu. Itakuwa inaniandikia kila inachokiona, nami nasoma huku kimya. Nyanya, weka gumba."

Edith akaweka. Wakio akasoma kutoka kwenye gunia, "Kidole kimeshuka. Kidole kimekaa. Bado kimekaa. Bado..." Akainua kichwa. "Kompyuta inadhani mtu akikaa hivyo anataka menyu, kile kijisanduku cha kijivu, kama kubonyeza kipanya upande wa kulia. Mimi hugusa na kuondoka, sikuwahi kuiona. Lakini nyanya, mbona mnakaa hivyo?"

Wale wazee watatu walimshangaa.

"Si ndio wino ushike?" Rachel alisema.

"Ukiliondoa haraka, karani anakwambia rudia," Mumbe akaongeza. "Kitambulisho hivyo, kwa chifu hivyo. Gumba halirushwi-rushwi, gumba linawekwa."

Wakio aliwatazama, akalichukua gumba la nyanya yake na kulibusu. Hakusema waliweke vingine. Akaketi, akakifundisha kile kitufe kungoja. Jioni haijafika, mtu akikiwekea gumba na kulikaza, alama ya dole ilijitokeza pale na kujaa taratibu kwa rangi ya zambarau, kama wino unavyoingia kwenye karatasi, kisha zamu ikaandikwa. Mwenye haraka angegusa na kuondoka, naye angeandikwa. Mumbe alipoona ile zambarau alijiandikia sufuria ambazo hakuzihitaji, akalazimishwa kuzirudisha. Rachel akazitaja zamu zote, moja moja, na kila moja ilipoandikwa alivuta pumzi ndefu kama mtu anayetuliwa kuni kichwani.

Jumapili wageni wa Mahoo walikuja na ndizi zao. Wakio alifungua kioo na orodha ikajaa kutoka juu hadi chini. Walipiga vigelegele. Kiongozi wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole aitwaye Carolyne, akakaribishwa ajaribu. Aligusa viti. Edith alimwona akikunja macho, akisogeza uso mpaka karibu pua iguse kioo, akirudi nyuma tena.

"Mnaonaje?" Wakio aliuliza.

"Ni nzuri sana, mwanangu," Carolyne alisema kwa huruma. "Haina kasoro."

Edith alicheka, akamshika mkono na kumketisha. "Dada, hapa siku hizi hatumsifu huyu mtoto, tutamuua. Sema ukweli."

Carolyne alisitasita, akamwangalia Wakio, akainamisha kichwa. "Herufi... ni ndogo kidogo."

"Asante, mama!" Wakio alisema, na tayari alikuwa ameinama kwenye ile kompyuta ndogo, akiweka nukta nyekundu.

"Na kuna jambo jingine," Carolyne akasema, sasa amepata moyo, kidole chake kikiwa juu kabisa ya orodha, mahali ambapo katika pilikapilika zote hakuna aliyekumbuka kufuta. "Huyu Bwana Fulani ni nani, na sisi wa Mahoo mbona hatujaalikwa?"

Wakio alifunika uso. Mumbe alishasimama.

"Jina lake halisi," Mumbe alitangaza, "mtalipata kwenye simu ya jana. Anaitwa Alvin."