Kikombe Nilichokifuta

Nimechoka na kompyuta. Nasema hivyo nikijua fika kwamba ndiyo inayonilisha, lakini jamani, hata mke mwenza huzoeleka, kompyuta haizoeleki. Miaka kumi na mmoja nimekaa katika kichumba changu nyuma ya msikiti, hapa Machakos mjini, nikichapa barua za watu, na sijapata kuchoka kama nilivyochoka ile Ijumaa ya mwaka 2006, alipokuja Nthambi wa Kalama.

Ilikuwa saa mbili unusu asubuhi. Chai yangu ilikuwa bado i moto. Nthambi aliingia na leso nyeusi kichwani, viatu vimejaa vumbi, akakaa kabla sijamkaribisha. Mumewe, Kitonga, alikuwa amefariki Jumatatu, na habari zilikuwa zimeshanifikia.

"Pole na msiba, Mama Kaloki," nikamwambia.

"Nimepoa, Mama Tariq. Nataka unitolee karatasi. Ile kitabu ya Mwalimu Bartholomew, si iko kwa kompyuta yako?"

Kilikuwepo. Mwalimu Bartholomew alikuwa mwalimu mstaafu na mwandishi wa ukoo wa kina Kitonga. Mchwa walipoanza kula madaftari yake, aliniletea nimwingizie yote katika kompyuta: nani alioa nani, mwaka gani, na ntheo ilipelekwa lini. Nilichapa ndoa mia tatu na kitu, macho yakaniuma mwezi mzima. Alisema tutatoa kwenye karatasi tukimaliza. Hatukumaliza. Mwezi wa pili Mwalimu akafa, na madaftari mchwa wakayamaliza.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Ni Kitheka," akasema. Kitheka ni ndugu mdogo wa marehemu. "Anasema mimi si bibi ya Kitonga. Anasema hakuna ntheo ilitolewa. Leo saa nane wazee wa ukoo wanakaa. Kesho ni mazishi. Wakisema mimi si bibi, nitasimama nyuma na majirani, na baada ya hapo nitoke kwa ile boma. Miaka ishirini na miwili, Mama Tariq! Niende wapi?"

Mimi ni Mwislamu, babu yangu alitoka pwani, lakini nimezaliwa hapa hapa na mambo ya Wakamba nayajua. Ntheo ni mbuzi watatu wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana. Waweza kumpa ng'ombe, umjengee nyumba ya mawe, akuzalie watoto kumi. Kama mbuzi wa ntheo hawakufika kwao, huyo bado ni binti wa kwao. Kitonga na Nthambi hawakufunga ndoa kanisani wala kwa mkuu wa wilaya. Walikuwa na mbuzi tu, na habari za mbuzi zilikuwa katika kompyuta yangu.

"Kunywa chai," nikamwambia. "Ni dakika mbili tu."

Dakika mbili! Ulimi hauna mfupa.

Nilibofya faili la Mwalimu. Kikatokea kidirisha cha kijivu chenye maneno ya Kiingereza, nikakifunga. Nikabofya tena. Kikarudi. Nikazima mashine, nikawasha. Nikafungua barua zangu, zikafunguka. Nikafungua jedwali la alama za shule moja, likafunguka. Kila kitu kizima, ila kile kimoja kinachotakiwa. Nikasema hii ni virusi, nikawasha kinachotafuta virusi, nacho kikaanza kutambaa kama bibi kizee anayepanda kilima cha Iveti. Saa tatu unusu kikaniambia hakuna kitu.

Nthambi alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, chai imepoa. Laiti angenigombeza, ningepata pa kutolea hasira.

Nikampigia Tariq, mwanangu. Anafanya kazi ofisini Nairobi na anaishi Syokimau, na ndiye aliyeniwekea ile programu ya bure ya ofisi, baada ya ile ya zamani kuanza kunidai leseni.

"Mama, inakuambia nini?"

"Inaniambia upuuzi."

"Basi nisomee huo upuuzi."

Nikamsomea. Ilisema inahitaji kitu kiitwacho JRE ili kufanya kazi hiyo, na kwamba hicho kitu hakipo.

"Hiyo ni Java, programu inayozisaidia zile nyingine," akasema Tariq. "Niliiweka mimi mwenyewe. Umeitoa?"

"Sijatoa kitu."

"Una hakika?"

"Tariq, mimi ni mama yako. Nimesema sijatoa kitu!"

"Basi programu imeharibika. Iambie ijirekebishe, nitakuonyesha pa kubofya."

Ikajirekebisha dakika ishirini. Kimstari cha kijani kilisogea, kikasimama, kikasogea. Nilikitazama kile kimstari, na ndipo nikakumbuka kikombe.

Chini pale kwenye skrini, pembeni ya saa, palikuwa na kijipicha cha kikombe cha kahawa kinachofuka. Kila asubuhi kilikuwa kinachomoza na kuomba niingie kwenye intaneti nikichukulie toleo jipya. Intaneti yangu ilikuwa ya waya wa simu, unalipia kila dakika. Mgeni gani huyo wa kuomba kila siku, hata salamu hana? Wiki tatu nyuma nilipandwa na hasira, nikaenda kwenye orodha ya programu, nikaona kikombe kile kile kimeandikwa Java, nikasema toka hapa, tangazo la kahawa wee. Nikakifuta. Siku ile nilijiona mjanja kuliko wote wa Machakos.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi wa kitabu cha Mwalimu nilikuwa mimi.

Nikampigia Tariq tena. Nilinong'ona, Nthambi asisikie.

"Hicho kikombe," nikasema, "kinaweza kuwa ndicho?"

Akapumua. "Mama. Ungeniambia saa ile ile, sasa hivi ungekuwa unachapa."

"Nimekosa. Niambie la kufanya."

"Barua hazihitaji Java. Zile orodha za kuhifadhi, kama kitabu cha Mwalimu, haziwezi kwenda bila Java. CD ninayo huku kwangu, haitafika leo. Ingia kwenye intaneti uichukue, na usiguse kitu mpaka ifike."

Ilikuwa saa nne. Nikaunganisha ile modemu, ikalia mlio wake wa paka aliyebanwa mkia, ikashika. Kompyuta ikasema itachukua saa moja na dakika kumi.

Nikamgeukia Nthambi. Nilikuwa nimechoka hata kudanganya. "Mama Kaloki, kosa ni langu. Nilitupa kitu ambacho sikujua kazi yake. Sasa nakitafuta."

"Kitapatikana?" akauliza.

"Inshallah."

"Basi tungoje. Hii wiki nimefanya kazi ya kungoja tu. Ningoje mochari, ningoje sanduku, ningoje wazee."

Tukangoja. Walikuja wateja wawili, nikawafukuza. Saa tano kasorobo, robo tatu ya mzigo imeshaingia, laini ikakatika. Ikakatika tu, bila sababu! Nilipounganisha upya, ikaanza kuhesabu kutoka sifuri. Nilishika kichwa. Nilitukana, Mungu anisamehe, na ilikuwa Ijumaa. Nthambi aliinuka, akaja kusimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani. Yeye aliyefiwa ndiye alikuwa ananipa pole mimi.

"Aiya, Mama Tariq. Pole pole. Kompyuta hailii ukiipigia kelele."

Mara ya pili ilifika. Saa sita na robo mzigo wote ulikuwa ndani. Nikauweka, nikafungua faili, kidirisha cha kijivu kikarudi vile vile. Nilitaka kulia. Tariq akaniambia kwa simu niingie kwenye mipangilio ya programu, nitafute pameandikwa Java, niweke tiki, nifunge kila kitu, nifungue upya. Tiki nikaikosa mara mbili. Nikafunga, nikafungua.

Kitabu cha Mwalimu kikafunguka, ndoa zote mia tatu na kitu. Nje mwadhini alikuwa anaadhini Ijumaa, na mimi nikasema alhamdulillahi kwa sauti mpaka mtu wa duka la jirani akachungulia.

Nikatafuta Kitonga. Nikampata. Nikasoma, na furaha yote ikaniishia.

"Isome," akasema Nthambi. "Miwani nimewacha nyumbani."

"Kitonga ameoa Nthambi, mwaka 1984. Ntheo imepelekwa." Nikaishia hapo.

"Soma yote."

"Mbuzi wawili. Amebaki mmoja."

Nilimtazama nikitegemea aanguke. Hakuanguka. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Ni hivyo," akasema. "Ile mwaka ilikuwa njaa. Mbuzi wa tatu alikuwa amefungwa kwa mti, tayari. Nikajifungua Kaloki, na nyumba haina hata unga. Kitonga akamchinja nipate supu. Akasema, huyo nitamrudisha mvua ikinyesha." Alicheka kidogo. "Ilinyesha. Kukawa na karo ya shule."

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Nilijua. Kitheka anasema sifuri. Mbili si sifuri. Lakini nilikuwa naomba, labda Mwalimu alituhurumia akaandika tatu."

Sasa nitasema nilichofanya, maana sina haja ya kujificha. Niliona saa: saa saba kasorobo. Niliona vile viatu vyenye vumbi. Nikafikiri habari ya kikombe, na jinsi nilivyomkalisha mjane nusu siku kwa ujinga wangu. Nikafuta 2, nikaandika 3. Nikafuta na yale maneno ya amebaki mmoja.

"Iko tatu sasa," nikasema. "Mwalimu amekufa, daftari limeliwa. Anayejua ni mimi na wewe na Mungu."

Nthambi aliisogelea ile skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa. Alikitazama kile kitatu. Alikitamani, nakuambia, kama mtu mwenye kiu anavyotamani maji.

"Rudisha," akasema.

"Mama Kaloki..."

"Rudisha. Baba yangu yuko hai. Kitheka anasema mzee amechanganyikiwa, hajui hata leo ni siku gani, na ni kweli hajui. Lakini mbuzi anawajua. Miaka yote hii ukimuuliza anasema wawili. Sitaki wazee waone karatasi yangu inamfanya baba mwongo."

Nikarudisha. Nikachapa, nikagonga muhuri wangu chini, na akaondoka mbio na karatasi ikiwa ndani ya leso. Nilikosa swala ya jamaa siku ile. Nilikaa pale pale kitini, nimechoka mpaka mifupa, nikijua kwamba nimempa mwanamke yule karatasi itakayomfukuza kwake.

Jumamosi sikuenda mazishini. Niliona haya.

Jumatatu asubuhi akaja. Leso ile ile nyeusi, lakini safari hii alingoja nimkaribishe.

"Walisemaje?" nikamuuliza kabla hajakaa.

"Kitheka alisoma karatasi akapiga kelele. Akasema hii umetengeneza mjini, kwa kompyuta mtu anaandika anachotaka. Na hiyo ni ukweli, si tuliona?" Akanitazama, nami nikainamisha uso. "Basi mzee mmoja akachukua ile karatasi, akaisoma mara mbili. Akamwambia, Kitheka, mtu akienda mjini kununua uongo, atanunua mbuzi wawili? Karatasi ya uongo ingesema watatu."

Nilishika mdomo. Kile kitatu nilikuwa nimekiandika kwa kidole hiki.

"Wakatuma mtu kwa baba," akaendelea. "Bila kumwambia karatasi inasema nini. Akasema wawili. Basi wakaamua ntheo ilianzwa na ilipokelewa, na aliyebaki apelekwe na mtoto wa Kitonga kabla ya mazishi. Kaloki akavuta mbuzi jioni hiyo hiyo. Baba akatolewa nje kwa kiti. Akaonyesha pale kwa ua ambapo wale wa kwanza walifungwa 1984, akasema, mmoja, wawili. Halafu akamshika huyu masikio, akasema, wa tatu. Mbona mmechelewa?"

Hapo ndipo Nthambi alipolia. Wiki nzima alikuwa hajalia, aliniambia, hata kaburini, aliposimama mbele kabisa na kutupa udongo wa kwanza. Nikafunga mlango wa duka, nikakaa naye, na chai safari hii tuliinywa ikiwa moto.

Alipojifuta uso akasema, "Sasa andika."

Nikafungua kitabu cha Mwalimu. Kikafunguka mara moja. Nikafuta 2 nikaandika 3, na pembeni, pale Mwalimu alipozoea kuweka maelezo, nikaandika: wa tatu ameletwa na Kaloki, mwana wao. Kisha nikawasha printa na kuanza kutoa kitabu chote kwenye karatasi, ndoa zote. Pembeni ya saa kikombe kilikuwa kimeshachomoza, kinaomba toleo jipya. Nikakipa.