Mikono Miwili ya Kushoto

Fundi aliamka saa kumi alfajiri, kama kila siku, na usingizi haukurudi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivyo. Daktari aliuita sonona. Asubuhi mwili ulimlemea kama gunia la mchanga uliolowa. Ikifika alasiri gunia lilishuka lenyewe, akashona, hata akatania watu.

Kwa hiyo mkewe aliweka sheria: asubuhi ni vifungo na pindo, mkasi ni jioni. Mkasi wenyewe aliufungia kabatini.

"Mafundi wote wana uongo wa kesho," aliwaambia wateja. "Wangu ana ukweli wa jioni."

Binti yao alikuwa aapishwe kuwa muuguzi Ijumaa. Chuo kilimpa kitambaa cheupe cha gauni, kimepimwa kikapimika, bila hata shubiri ya ziada. Tangu ana miaka tisa baba yake alimwahidi gauni hilo atalishona yeye.

Jumatano, fundi akiwa bado kitandani, alimsikia binti jikoni.

"Mama, nisimpelekee fundi mwingine kitambaa?"

"Ngoja jioni, mwanangu. Baba yako asubuhi huwa hajafika."

Kichwa chake asubuhi kilikuwa chujio: chai inapita, yanabaki makapi. Jibu la mama likapita. Swali likabaki. Hata mwanangu kanichoka. Sifai. Sijawahi kufaa.

Mkewe alipotoka kwenda sokoni, fundi alitafuta ufunguo wa kabati, akaupata chini ya kopo la sukari. Mikono ya gauni hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, miwili kwa pamoja. Yeye alikata mmoja, akahamisha karatasi ya kipimo bila kuigeuza, akakata wa pili. Kisha akarudi kulala.

Saa kumi jioni gunia lilishuka, akaiona mikono aliyokata. Yote miwili ya kushoto. Na kitambaa kilikuwa na uso na mgongo, hakigeuziki.

"Baba, ungengoja tu," binti alisema.

"Nilikusikia unataka fundi mwingine."

"Na mama alivyonijibu, hukusikia?"

Fundi alitazama mikono ile mezani. Alikuwa amelisikia jibu pia.

Basi ikagharimu hivi: kitambaa cha gauni moja, ahadi ya miaka kumi na tatu, na Ijumaa nzima ya binti kusimama mbele za watu na gauni la kuazima, mabega ya mtu mwingine, akivuta mkono wa kulia wa gauni usimfunike vidole alivyoinua kuapa.