Maboksi Saba ya Fidelis

Baba mkubwa Severini aliteremka kutoka Mahenge siku tatu kabla ya arobaini. Alifika Lipangalala, akatua mkoba, akapokea shikamoo za wote waliokuwapo, akanywa maji, kisha akaomba aonyeshwe vitu vya marehemu.

Eveline alimpeleka katika chumba cha mdogo wake, Fidelis. Nguo zilikuwa zimekunjwa juu ya kitanda. Chini ya kitanda kulikuwa na maboksi saba, yote mapya, mengine hayajafunguliwa hata gundi yake. Mzee aliyavuta moja moja na uso wake ukachangamka.

"Hapa hatutapata ugomvi," alisema. "Watoto wa ndugu ni saba, na maboksi ni saba. Marehemu alitufikiria. Zakayo achukue hili la feni, kule Idete joto linamuua. Hili kasha la bati, shangazi yako Balbina atafugia vifaranga."

"Hicho ni kitu kimoja, baba mkubwa. Ni kompyuta."

"Kimoja vipi, na maboksi nimehesabu saba?"

"Hajaiunga tu. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kukusanya."

"Sasa umesema mwenyewe. Haijaungwa." Mzee aliketi kitandani, kando ya nguo. "Mabati ya babu yako Fulgensi tuliyagawana, kila mtu matatu, kwa sababu alikufa hajaezeka. Angeezeka ingekuwa nyumba, na nyumba ingekwenda kwa mtu mmoja. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Kilichoungwa hakivunjwi, kilicho vipande kinagawanywa."

"Basi nitaiunga."

"Wewe fundi wa magauni?"

"Mimi."

Mzee alicheka kidogo, kwa upole, kama anayemhurumia. "Eveline, hapa ni msibani. Hata redio imezimwa mpaka arobaini ipite. Hizo mashine za michezo nazijua, zinavuma kama kinu cha kukoboa mpunga. Nikisikia ikivuma ndani ya nyumba hii, naigawa, hata kama umeiunga."

"Hutaisikia," alisema Eveline, na wakati huo hakuwa na hakika hata kidogo.

Lakini alijua alichokitaka Fidelis. Miaka sita mdogo wake alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na kila jioni alirudi na pumba kwenye nyusi na mluzi masikioni. Walikuwa na kompyuta ndogo ya zamani, wakicheza mpira, kaka na dada, kila mmoja na timu yake. Ilipopata moto feni yake ililia mpaka Fidelis akaziba masikio, kisha ikazimika katikati ya mechi. "Dada, nitaunda moja isiyopiga kelele," alikuwa akisema. "Tucheze, na bado nisikie mvua." Alikusanya vipande kwa miaka miwili. Kisha siku moja, akitoka Namawala kuangalia mpunga, pikipiki yake ikateleza, na ikawa basi.

Aliacha daftari. Eveline alilifungua mezani, akavuta cherehani pembeni, akaanza. Maandishi yalikuwa yale yale ya kuinama kushoto. *Feni ndogo hupiga kelele kwa sababu inakimbia. Weka kubwa, iende polepole.* Mahali pengine: *Pumba ndiyo adui. Kata chandarua, ziba mdomo wa kasha.* Kipande cha chandarua kilikuwa ndani ya daftari, kimekatwa tayari, kwa mkasi wa nguo wa Eveline, ule aliokuwa amemkataza asiuguse.

Alikaa nacho mkononi muda mrefu. Kisha akashona pindo lake vizuri, kwa sababu Fidelis alikuwa ameliacha linafumuka.

Siku ya pili mchana vipande vyote vilikuwa ndani ya kasha. Prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa imepakwa dawa yake ya kijivu ya kupitisha joto, na juu yake pozeo kubwa lenye mapezi mengi ya bati. Eveline alibonyeza swichi. Kompyuta iliwaka, na kasha zima likaanza kunguruma kama nyuki waliochokozwa. Nje, baba mkubwa alikuwa ameketi akiegemea ukuta, upande ule ule wa dirisha.

Kabla Eveline hajaifikia swichi, alisikia mchi. Shangazi Balbina alikuwa ameanza kutwanga, kwa nguvu zake zote.

"Balbina, unatwanga nini na mchele umeshapikwa?" baba mkubwa aliuliza.

"Kisamvu."

"Sikioni kisamvu humo."

"Natayarisha kinu, kaka. Kisamvu kinakuja."

Eveline aliizima, akakaa chini. Hakulia. Alifikiria kwa namna aliyofikiri kila siku mbele ya cherehani: kinacholia kimelegea, au kimebanwa mno. Aliigusa feni ya mbele, akaona skrubu zake amezikaza yeye mwenyewe mpaka mwisho, chuma juu ya bati, kwa hasira. Feni ilikuwa ikilitetemesha kasha lote. Akachukua mpira wa ndani wa baiskeli, akakata vipande vya duara kumi na viwili, vidogo kama vifungo, akavitia kati ya kila feni na bati. Akakaza kiasi tu. Kisha akaiwasha tena, akaingia kwenye mipangilio, akapunguza mwendo wa feni kama daftari lilivyosema, na kuinamisha sikio.

Alisikia kuku uani. Alisikia shangazi akihema kwa uchovu.

Siku ya arobaini, baada ya misa, ukoo ulikaa sebuleni. Kompyuta ilikuwa mezani, skrini imezimwa, kitaa chake kimegeuziwa ukutani. Baba mkubwa alisali, akawashukuru waliosafiri, akaeleza habari za mabati ya babu Fulgensi kwa urefu, mkono wake umepumzika juu ya kasha.

"Naona imeungwa," alisema mwishowe. "Lakini tulikubaliana jambo. Nyamazeni wote. Eveline, iwashe tuisikie."

"Imewaka, baba mkubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu hujasali."

Zakayo alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee aliinama, akaweka sikio juu ya bati, akakaa hivyo mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akazungusha kiganja nyuma ya kasha, mahali hewa inapotokea.

"Ina joto," alisema taratibu. "Inapumua."

Mzee aliondoa mkono, akaukunja mapajani.

"Haya. Haivunjwi. Itakwenda kwa Zakayo, ndiye mwanamume mkubwa."

"Itabaki kwangu," alisema Eveline.

"Mwanamke na mchezo wa mpira, wapi na wapi?"

"Nenda chumbani kwa Fidelis ukasome ukuta. Tumeandika kwa chaki. Yeye ameshinda mechi mia mbili na kumi na mbili, mimi mia mbili na tisa. Zakayo ameshinda ngapi?"

"Mimi simo," alisema Zakayo. "Nilishaahidiwa feni, sasa hata feni sina."

Safari hii walicheka wote, isipokuwa mzee. "Basi ichukue," alisema. "Ila usiicheze mpaka mwaka upite. Kwa heshima."

"Hapana, baba mkubwa. Arobaini imekwisha. Nimenyamaza siku arobaini, na hiyo mashine imejifunza kunyamaza kuliko mimi. Nitacheza leo."

Alibonyeza skrini. Uwanja ukatokea, majani mabichi, timu mbili zimesimama zikingoja. Eveline alishika kidhibiti chake cha kuchezea. Kile cha pili, cha Fidelis, kilibaki mezani.

Shangazi Balbina alivuta kigoda, akajifuta mikono kwenye khanga, akakichukua.

"Kupiga ni kitufe kipi?"

"Hicho cha chini."

"Na nikikufunga, utaniandika ukutani?"

"Pale hapafutwi wala hapaongezwi," alisema Eveline. "Wewe nitakuandika kwenye mlango."