Misumari ya Mama Blessing

Jumamosi asubuhi, Apolonia alikuwa akifagia maranda ya mbao kwenye karakana ya mumewe pale Mafinga, misumari ya inchi nne ilipochomoka kwenye kitanda cha mteja na kuanza kumfuata. Ilibingirika polepole, ikakusanyika miguuni pake, ikatulia. Kitanda kikakaa chini. Apolonia, mwenye mimba ya miezi sita, aliizunguka akaendelea kufagia, maana maranda hayajifagii.

"Mama Blessing, hebu kakae nje kidogo," alisema mumewe, Filemoni. "Mwenye kitanda anakuja sasa hivi."

Akaenda kukaa nje. Misumari nayo ikatoka, na bawaba za mlango nyuma yake.

Filemoni ni mume mzuri. Wanawake wa mtaa ule humtaja wakitaka kuwachoma waume zao. Hakugombana na misumari wala na mke. Alimshika mkono, wakaenda kliniki taratibu, kwa kuwa siku hizi Apolonia alihema hata kwenye kamwinuko kadogo.

Nesi Bertha alimfunua kope, akamtazama viganja, akamtoboa kidole. Mkasi ulikuwa ukisogea mezani kumwelekea mgonjwa. Nesi akauzuia kwa kiwiko.

"Damu saba," alisema. "Ukifika leba na damu hii tunaweza kukupoteza, mama. Misumari imeanza lini?"

"Leo."

"Afadhali. Wengine wanakuja wanafuatwa na majembe." Akamgeukia Filemoni. "Vidonge hivi vya madini ya chuma ameze kila siku, asimezee chai. Ale ini, firigisi, maharage, mboga za majani. Baba, umesikia?"

"Nimesikia, nesi."

Na kweli alisikia, akaogopa sana. Wiki ile aliachana na misumari kabisa. Vitanda akaviunga kwa gundi na vijiti vya mkaratusi alivyochonga mwenyewe, kazi ya kuumiza mgongo, ili mkewe akae karakanani bila kuangusha kitu. Alipenda kumwona pale.

Jumapili, walipotoka kanisani, Filemoni akachinja jogoo wake mkubwa. Alimtangazia kila jirani aliyepita kwamba huyu ni wa damu ya Mama Blessing.

Apolonia akampika kwa moyo wote. Akapakua kama alivyopakua mama yake, na kama alivyopakua mama mkwe: firigisi, ini na mapaja kwenye sahani ya baba, shingo na mabawa kwake, ugali na mchuzi kwa Blessing, mtoto wa miaka mitatu. Firigisi ni ya baba. Hata nesi Bertha, kwake, hupakua hivyo hivyo.

"Na wewe je, umepata?" Filemoni aliuliza, akitafuna.

"Nimepata, Baba Blessing. Mchuzi mtamu."

"Kunywa basi. Damu itapanda tu."

Alisema kwa upendo kiasi kwamba ungekuwepo, usingeweza kumchukia. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.

Misumari ya inchi nne ilikuwa imelala miguuni pa Apolonia kama kawaida. Midogo ya inchi moja, iliyokuwa pamoja nayo, ikajitenga, ikavuka mkeka, ikajipanga kando ya Blessing.

Filemoni aliiona. Alimnyanyua mtoto akampakata, asije akachomwa, kisha akamalizia firigisi.