Kilima Kisichokuwemo Safarini

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe tulipofika kileleni, amevaa viatu vyake vya kanisani, bonde amelipa mgongo. Alituona, asiinuke. Wageni wangu walimpiga picha wakidhani ni mwenyeji wa kijiji kama wengine. Mimi nilisimama nyuma yao nikihema, nikijikaza nisimkimbilie.

Kilima kile hakikuwemo katika safari. Asubuhi, kabla hatujaondoka Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa enzi hizo, bosi wangu Liévin alinikumbusha njia: Jadotville, chakula cha mchana, Kambove kwenye mashimo ya kale ya shaba, halafu kurudi. Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba 1961. Katanga ilikuwa imejitenga, na wageni kutoka Ulaya walitembezwa ili wajionee kwamba nchi imetulia. Nilikuwa kiongozi wao kwa sababu Kifaransa changu kilinyooka, na kwa sababu niliitwa Albertine Kunda. Baba alikuwa Musanga, mwenyeji wa vilima vile, na hata baada ya kufa jina lake liliendelea kunifunika. Mama aliitwa Kapinga, Mluba, mtoto wa Kasai. Mwaka ule, jina kama hilo lilitosha mtu kuchomewa nyumba.

Yake ilichomwa, kule Jadotville. Jamaa za baba walimpandisha kijijini kwao wakamficha, lakini sasa vijana wa kijiji cha bondeni walikuwa wameanza kuuliza yule mama ni wa nani. Elisabethville palikuwa na kambi ambamo Waluba kwa maelfu walilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Nilichohitaji ni gari ambalo majandarme, askari wa Katanga, wasingependa kulipekua, nami niliketi ndani ya gari la namna hiyo karibu kila juma.

Mama nilishamtumia ujumbe; sasa nilimwambia dereva wetu, Nkandu, wageni wakiwa mezani, kwamba tukitoka Kambove tutapanda kilimani.

"Kule juu kuko nini?" aliuliza.

"Kuko mama yangu."

Alimaliza muhogo wake bila haraka, akajipangusa mikono akiwatazama wageni. "Basi, bakule mbio."

Wageni niliwaambia kwamba mbele ya Kambove kuna kijiji cha wayeyushaji wa zamani. Haukuwa uongo. Mababu wa baba waliyeyusha shaba pale katika tanuru za udongo wa kichuguu, na mawe ya kijani bado yalitapakaa kati ya nyumba. Niliwaeleza yote hayo kwa sauti thabiti, nikiwaonyesha jinsi mivukuto ilivyopulizwa, macho yangu yakimfuata mama aliyekuwa akizunguka nyuma ya ghala. Walipoinama kuokota mawe, nikamfuata.

"Kwenye kizuizi watakuuliza jina," nilimnong'oneza. "Utasema Mwaba."

Mwaba alikuwa shangazi yangu, dada wa baba.

"Mwaba alikufa," mama alisema. "Miye sijakufa."

"Mama, nakuomba."

"Nyumba balichoma. Jina hapana. Ile sitabapa."

Nilimsihi, kisha nikakasirika. Nilimwambia kiburi chake kitatuua sote. Alikaza fundo la kitenge chake, akanipita, akaanza kuteremka kuelekea garini kana kwamba ni yeye aliyekuwa akiongoza msafara. Niliwaambia wageni kwamba mama huyu anahitaji kufika mjini. Mmoja wao, Madame Virginie, Mbelgiji mnene mwenye kofia ya majani, alijisogeza kumpisha, wala hakuuliza kitu.

Kwa kawaida majandarme waliona nyuso nyeupe wakapunga mkono tupite. Siku ile, kwenye kizuizi cha darajani, mmoja wao, kijana mwenye macho mekundu, alikuja hadi dirishani.

"Huyu mama iko nani?"

"Tunamupeleka..." nilianza.

"Siulizi weye. Mama, jina yako?"

Mama aliinua kidevu. Nilikijua kidevu kile tangu utoto. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango, nami sikujua ningefanya nini nao.

"Miye njo Mama Albertine," alisema.

Ndivyo majirani wote walivyomwita tangu nilipozaliwa. Hakudanganya, na lile walilolitafuta hakuwapa. Ila sasa swali lilinielekea mimi.

"Albertine njo nani?"

Nilishuka nikasimama kati ya kijana na mlango. "Ni miye. Njo mama yangu. Akibakia hapa, nabakia naye, na bale bazungu batakuuliza sababu."

Alichukua kitambulisho changu. Alilisoma jina la baba midomo ikicheza, akamtazama mama, akanitazama mimi. Nadhani alijua. Nyuma yangu nilisikia mlango mwingine ukifunguka: Madame Virginie alikuwa ameshusha mguu mmoja ardhini na kutulia hivyo, akimkazia kijana macho.

Kijana alinirudishia kitambulisho. "Mupite."

Tulivuka daraja. Madame Virginie alimpa mama chupa yake ya maji, naye akanywa. Tuliwashusha wageni hotelini, tukaendelea hadi kwenye lango la kambi, ambapo askari mrefu wa Uswidi alisimama na mkalimani wake.

"Munaingia babili?" mkalimani aliuliza.

Mpango wangu ulikuwa kumfikisha mama tu. Nilikuwa na chumba mjini, mshahara, na jina lisilomsumbua mtu. Nkandu hakuwa amezima injini.

"Kesho kuko bageni," alinikumbusha.

"Najua." Nilivua beji ya kazi kifuani nikampa. "Utamupa Liévin."

Aliipokea, akaitia mfukoni, akangoja mpaka tumevuka lango ndipo akaondoa gari.

Mama alilala kabla jua halijazama, juu ya mkeka wa kuazima, viatu miguuni. Kibanda tulichopewa kilikuwa vijiti na turubai lililochanika, na upepo uliingiza vumbi jekundu. Mwanamke wa kibanda cha pili, nisiyemjua, aliniletea kipande cha gunia na sindano nene.

"Anza na upande wa upepo," alisema.

Nikaanza.