Chanjo Iliyokwenda Sinkini

Kipimajoto kilisema thelathini na nane nukta sita. Marlies Friesen, muuguzi kwa miaka kumi na tisa, akakirudisha kwapani na kukisihi kimoyomoyo kibadili msimamo. Kipimajoto, chombo kisicho na huruma wala urafiki, kikarudia neno lake.

Alikuwa amejifungia kwenye choo cha wafanyakazi cha nyumba ya wazee, saa mbili asubuhi, theluji imeziba nusu ya dirisha. Koo lilikuwa likimwasha tangu juzi. Na jana mchana, bila barakoa, alikuwa amemwinamia Mzee Isbrand Toews wa chumba namba tisa, mwenye miaka tisini na moja na pafu moja, akimpulizia supu ya kabichi kijiko baada ya kijiko.

Sheria ya nyumba ile wakati wa baridi ilikuwa fupi. Ukichanjwa mafua, unabandikiwa stika ya kijani kwenye kitambulisho na unatembea uso wazi. Usipochanjwa, barakoa mpaka Aprili. Marlies alikuwa na stika. Chanjo hakuwa nayo.

Alikuwa amechoma mikono ya nusu ya mji, na kila mkono aliuambia hakuna cha kuogopa. Ila mwaka juzi dada yake Trudy alichanjwa Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata miguu ikagoma. Madaktari walisema huenda ni chanjo, huenda siyo, na kwamba ni jambo la nadra sana. Trudy anatembea sasa. Lakini Oktoba, Marlies alipokaa mbele ya Wendell Dyck, muuguzi aliyepewa kazi ya kuwachanja wenzake, alitetemeka mpaka kiti kikapiga kelele.

"Dada, unaogopa kasindano haka? Wewe uliyemchoma mchungaji akalia?"

"Usinicheke, Wendell. Siwezi."

Wendell alitazama mlango, akaminyia dawa yote kwenye sinki, akambandika plasta pasipo na kidonda, kisha stika. "Haya. Mafua hayaligusi tena hili sinki."

Walicheka. Wauguzi wawili wazima, wenye vyeti ukutani, walicheka.

Sasa jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni. Dawa ya kuzuia virusi humfaa mzee ikianzwa mapema, ndani ya siku mbili, na karibu siku moja ilishakwisha. Mwenye stika akikohoa hapimwi mafua, hupewa peremende tu. Akinyamaza, hakuna atakayeshtuka. Akisema, kazi imekwenda, na pengine leseni pia.

Alitoka. Alipopita chumba namba tisa alisikia kikohozi, kimoja, kikavu. Akaenda moja kwa moja kwa Bi Hildy Wiebe, mkuu wa wauguzi, akasimama mlangoni.

"Bi Hildy, nina homa. Na sikuchanjwa. Stika hii ni ya uongo."

"Rudia."

Alirudia, pamoja na sinki.

"Jana ulimlisha nani?"

"Mzee Toews. Leo anakohoa."

Bi Hildy alimpigia daktari, na daktari akaagiza dawa kwa korido nzima. Alipokata simu hakuinuka. "Wendell amemwaga za wangapi?"

"Sijui. Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Ndiyo," Bi Hildy alisema taratibu. "Hata mimi nilidhani ni mimi peke yangu."

Marlies aligeuka kutazama nje ya mlango. Korido ile ilikuwa na wauguzi kumi na wawili, wote na stika zao, wote nyuso wazi, na wakati huohuo walikuwa wakiwaamsha wazee. Bi Hildy alivuta droo, akatoa barakoa mbili, moja akaivaa mwenyewe.

Chumbani Mzee Toews aliwatazama kwa zamu, Bi Hildy kitandani, Marlies kizingitini. "Mmejifunika kama majambazi, binti zangu. Mnaniibia nini?"

"Meza hiki, mzee," Bi Hildy alisema.

"Cha nini?"

Bi Hildy alimimina maji kwenye glasi. Marlies ndiye aliyesema. "Huenda nimekuambukiza mafua, mzee. Nilidanganya kuwa nimechanjwa."

Pafu la mzee lilikoroma. "Nitakufa?"

"Sijui."

Alifungua kinywa. Kikohozi kilimwahi kabla ya maji, kidonge kikaanguka kwenye shuka, na Bi Hildy akakiokota na kukirudisha ulimini. Wote watatu wakangoja kishuke.