Tone la Mafuta ya Cherehani

Niliisukuma feni ya kompyuta kwa kidole, ikazunguka nusu, ikakwama. "Hii ndiyo inayokusumbua, baba," nikasema, na bisibisi ningali nimeiuma kwa meno.

Baba, mwalimu mstaafu, alikuwa mwaka wa tatu akiandika maisha yake kwenye kompyuta ile ya sebuleni. Ilikuwa ikipata joto inazimika, kwa hiyo aliweka saa ya mezani kando yake: anaandika robo saa, anaizima mwenyewe, anaipepea kwa gazeti mpaka ipoe. Nilikuwa nimemwahidi kuja kuitazama tangu mwanzo wa mwaka, na duka langu la ufundi lilikuwa mtaa wa nne tu kutoka hapo. Mganga hajigangi, nilizoea kumtania. Naye alicheka, kama mzazi anavyocheka ili asimuudhi mwanawe.

Mteja mwingine yeyote ningemfungia feni mpya bila kufikiri mara mbili. Ya baba niliibandua stika, nikadondosha tone la mafuta ya cherehani ya mama, nikaiwasha. Ikavuma. Ni ujanja wetu mafundi wa kusogeza siku, wiki mbili ukibahatika, na nilijua. Mfukoni nilikuwa na flashi tatu. Kunakili kazi yake kungechukua dakika moja. Sikunakili. Nilikuwa na haraka, na leo hata siikumbuki ilikuwa haraka ya nini.

"Sasa niandike tu, bila saa?"

"Andika mpaka uchoke, mzee wangu."

Akaniamini. Mafuta yalipokauka, kompyuta ikawa inamzimikia katikati ya sentensi, mara tano, mara sita kwa siku, naye anaiwasha tena kwa sababu fundi amesema imepona. Mama alimwambia anipigie simu. "Mwache mtoto, ana kazi," alijibu.

Nilipokuja kuitwa, diski yenye maandishi yake ilikuwa inagonga ndani kwa ndani. Nilihangaika nayo siku tisa, sikuokoa hata herufi moja.

Hakunilaumu. Bora angenitukana, ningejua pa kuanzia kuomba radhi. Alinunua daftari akaanza upya, kwa mkono, na kifo kikamkuta ukurasa wa thelathini na moja.

Daftari ninalo mimi. Linaishia siku yeye na mama wanapohamia chumba chao cha kwanza, wanabishana kitanda kikae upande gani. Mimi bado sijazaliwa.